Sauti Isiyojua Njia ya Kurudi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu ya mwezi wa nane, na yalianza kama yanavyoanza mambo mengi yanayoharibika: mtu akipiga mluzi.

Mpiga mluzi alikuwa Ulimi. Jina alilopewa na mama yake alilijua mama yake. Mtaa mzima ulimwita kwa kiungo alichofanyia kazi. Wengine hushika nyundo, wengine usukani, yeye alishika maneno. Begani alining'iniza mkoba wa fundi, na ajabu ni kwamba ufundi aliujua kweli: redio, televisheni, waya za kila rangi. Angeweza kula kwa jasho lake kama watu. Lakini jasho, alisema, huharibu kola.

Siku hiyo alikuwa na shida moja tu, na shida hiyo ilikuwa na macho mazuri. Alimpenda Binti wa Sajini, muuzaji katika duka la vyombo vya umeme. Sajini mwenyewe ni mzee mstaafu ambaye masikio yake yaliliwa na mizinga. Aliwapigia wakubwa saluti maisha yake yote, na wakubwa walipomaliza kuyatumia masikio yake hawakumpa hata pamba ya kuyazibia. Ndivyo walivyo. Wakiazima kitu chako, njia ya kukirudisha huwapotea.

Mkewe alipokuwa hai, kila jioni alikaa kando yake akamrudia taarifa ya habari sikioni, neno kwa neno, na mwisho akaongeza maoni yake. Tangu amzike, Sajini alikuwa akitazama watangazaji wakifungua na kufunga midomo kama samaki, hasira inamjaa, wa kumkasirikia hamjui. Halafu siku moja akapita dukani kwa binti yake, akaona dirishani spika nyeusi, ndefu kama ubao wa dirisha, ile wanayoiita saundibaa. Akainyooshea fimbo.

Jioni yake ndipo Ulimi alipokuja na shati jipya kuomba mke.

"Unaijua ile spika ya dirishani?" Sajini akamuuliza kwa sauti ya gwaride.

"Naijua, baba mkwe."

"Mimi si mkwe wako! Ikiingia mlango huu Jumamosi, ikanisomea habari nikasikia, binti atatoka kwa mlango huohuo. Isipoingia, na wewe usiingie."

"Nimekubali, mzee!" Ulimi akapiga kelele. "Nina rafiki bandarini."

Hakuwa na rafiki bandarini, wala mahali pengine popote. Wakashikana mikono. Binti alikuwa jikoni akiosha vikombe.

Basi Jumanne hiyo Ulimi anakatiza nyuma ya jengo moja la wapangaji, anapiga mluzi huku akiwaza, akasikia ugomvi kwenye ukumbi wa chini. Yeye ugomvi wa watu ulikuwa kwake kama harufu ya chapati kwa mwenye njaa. Akachungulia.

Ndani mlikuwa na viti vya plastiki, sakafu ya saruji, na wapangaji wapatao thelathini wamekasirika. Mbele yao televisheni kuukuu yenye mgongo mnene inaonyesha mpira, na chini yake, juu ya meza, imelala saundibaa. Ileile. Ndugu yake pacha yule wa dirishani. Wachezaji wanakimbia, mashabiki wanaruka, na chumba kimya kama kaburi.

Aliyesimama mbele alikuwa Mwenyekiti wa wapangaji, mtu mwenye tumbo la michango.

"Ndugu zangu," alikuwa akisema, "spika tuliyoinunua ni nzima, ni ya kisasa, nimeichagua mimi mwenyewe. Mbovu ni televisheni. Haina tundu la kurudisha sauti."

"Televisheni yangu?" akaruka mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni. Huyo ni Mama Cherehani, mshonaji wa ghorofa ya pili, aliyeitoa televisheni hiyo kwa moyo mweupe. "Televisheni yangu imelea watoto wanne, Mwenyekiti! Haijawahi kunyamaza mpaka ulipoileta hiyo mbao yako!"

"Mama, hiyo ni sayansi."

"Sayansi mwambie mkeo!"

Kwa haki ya Mungu, Mwenyekiti hakuwa amedanganya katika hilo. Televisheni za siku hizi zina tundu moja bapa lenye tabia njema: linapokea picha, na kwa waya uleule linairudishia spika sauti. La Mama Cherehani lilijua kupokea tu. Kurudisha, hapana. Tundu lenye tabia ya kiongozi. Ukichomeka spika hapo utangoja mpaka uote mvi.

Lakini Ulimi alikuwa ameshaingia, ameshasalimia wakubwa kwa wadogo, ameshainama nyuma ya televisheni, na pale akaona vitundu vingine viwili vinamtazama. Kimoja cha mraba chenye kijimlango, cha waya wa mwanga. Kingine cha duara, cha hedfoni. Chochote kati ya hivyo kingetosha kuipeleka sauti kwenye spika, na waya wenyewe bei yake ni kama kilo ya sukari.

Akainuka, uso una huzuni ya daktari.

"Nani mwenye mgonjwa huyu?"

"Mimi, mwanangu," akasema Mama Cherehani.

"Mama, televisheni yako ni nzima. Ina adabu za zamani tu. Sauti inatoka, lakini haijui njia ya kurudi. Na hii spika nayo ni ya kisasa, ina kiburi. Haimwitikii mtu mpaka itambulishwe."

"Itambulishwe vipi?"

"Kama mkwe. Kwa heshima, na faragha."

Watu wakatikisa vichwa. Jambo lenye heshima na faragha lazima liwe kweli.

"Fundi," Mwenyekiti akadakia, "wewe waambie ukweli. Haiwezekani, siyo?"

"Inawezekana, Mheshimiwa."

"Haiwezekani kabisa, yaani."

"Inawezekana kabisa. Nitaichukua kwangu siku mbili tatu, niifundishe..."

"Haitoki!" Mwenyekiti aliruka mpaka tumbo likachelewa kufika chini. "Mali ya wananchi haitoki kwenye ukumbi huu hata dakika moja! Labda mnibebe mimi nayo!"

Wananchi wakampigia makofi. Ulimi naye akapiga, moyoni akisema: loo, kumbe kuna kiongozi mwaminifu, na nimemkuta siku ambayo simhitaji. Hapo ndipo alipokosea. Mtu akilinda mlango kwa uchungu kiasi kile, jiulize kwanza anazuia kitu kisitoke au anazuia siri isitoke. Ulimi hakujiuliza. Mapenzi ni moshi.

"Basi nitakuja Ijumaa na vifaa," akasema. "Mtanipa chumba peke yangu, mapazia yamefungwa. Kazi ya mwanga haitaki macho ya watu, yanauchafua."

"Na malipo yako, mwanangu?" Mama Cherehani akauliza.

"Mama yangu, ningetaka pesa ningesomea uwenyekiti."

Ukumbi ukacheka mpaka viti vikalia. Hata Mwenyekiti alicheka, na alicheka bila wasiwasi wowote, kwa sababu alijua kitu ambacho wenzake hawakukijua. Tutafika.

Jumatano na Alhamisi Ulimi alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka: alifanya kazi. Alikata mbao nyembamba, akazipaka rangi nyeusi, akazivika kitambaa cha mwavuli, akatoboa matundu mahali pa matundu, akachora nembo kwa rangi ya kucha. Ukiiweka kwenye meza na kusimama mlangoni, usingejua ipi imetoka kiwandani na ipi imetoka chini ya kitanda cha Ulimi. Na ili isiwe bubu kabisa, maana wapangaji wangemkimbiza siku hiyohiyo, ndani akatia matumbo ya vipaza sauti viwili alivyovipata kwa mchuuzi wa dawa ya wadudu aliyeacha biashara. Vile ambavyo mchuuzi huvining'iniza kwenye baiskeli, vikapita mtaani vikiimba vyenyewe tangu asubuhi. Vilikuwa na kifua, hivyo. Jasho lilimtoka Ulimi, kola ikaharibika, naye akafikiri: mwizi anateseka sana katika nchi hii.

Ijumaa jioni akafika na mfuko mrefu begani. Akawatoa watu wote nje, Mwenyekiti pia, akafunga mapazia.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Alitoa ya kwake mfukoni, akaweka mezani. Akainua ya ukumbi. Nzito! Akatabasamu, kitu kizuri huwa kizito. Akaitia mfukoni, akafunga zipu. Kisha akachukua waya mwembamba, akachomeka upande mmoja kwenye tundu la hedfoni la televisheni ya Mama Cherehani, upande wa pili kwenye kazi ya mikono yake, akawasha. Kwa ajili ya masikio ya walio nje, akagonga meza mara kadhaa na kupaza sauti: "Mkwe, huyu ndiye. Mpokee!"

Alipofungua mlango, uwanja mzima wa mpira ukatoka naye.

Sauti! Filimbi ya refa, mashabiki, mtangazaji anayekaribia kuzirai. Ilikuwa sauti ya puani kidogo, kama mtu mwenye mafua, lakini kwa waliokaa kimya wiki nzima ilikuwa malaika. Wapangaji walikumbatiana. Mama Cherehani aliibusu televisheni yake kwenye kioo, akamgeukia Mwenyekiti: "Mbovu nani sasa? Eh? Mbovu nani?"

Na Mwenyekiti? Alikuwa amekaa chini, sakafuni, kiti kipo kando yake.

Hapa ndipo mahali pa kusema alichokijua. Spika ya kweli, ile iliyonunuliwa kwa michango, haikuwa imekanyaga ukumbini hata siku moja. Ilikuwa kwa Mwenyekiti, chini ya kitanda, inangoja vumbi la watu litulie. Iliyoletwa ukumbini ni ganda la maonyesho, lile la kuweka dirishani, ndani tupu. Na ili wabebaji wasishtuke kwa wepesi wake, Mwenyekiti alikuwa ametia tofali. Tofali la kawaida la kujengea. Halafu akalaumu televisheni. Mpango safi, haukuwa na doa. Na sasa, mbele ya macho yake, tofali linatangaza mpira.

Alijikokota mpaka kwa Ulimi, akamvuta pembeni.

"Fundi. Umeifungua?"

Ulimi naye alidhani ameshikwa. Kwa bahati swali lilikuwa na jibu la kweli.

"Mheshimiwa, sijaifungua. Naapa kwa mama yangu."

"Hujaifungua, na inasema?"

"Si unaisikia."

"Na vile vya ndani... viko vipi?"

"Viko vilevile vilivyokuwa. Sikugusa."

"Vilevile!" Mwenyekiti akashika ukuta. "Wewe mtu, umesomea wapi?"

"Mambo mengine, Mheshimiwa, hayasomewi. Mtu anazaliwa nayo."

Mwenyekiti akamtazama kama mtu anavyotazama nyoka aliyemsalimia. Ama huyu kijana ni mchawi, ama anajua kila kitu na anamcheka. Vyovyote vile, hakuwa mtu wa kuulizwa zaidi. Ulimi kwa upande wake aliona kiongozi amelemewa na shukrani, akampigapiga bega, akachukua mfuko wake, akaaga. Watu walitaka kumsaidia kuubeba. Alikataa kwa unyenyekevu ulioliza watu.

Alikuwa amefika kona aliposikia nyuma yake Mwenyekiti ameanza hotuba. Maana kiongozi hata akiwa anazimia, akiona watu wamekusanyika lazima ahutubie.

"Ndugu wapangaji," sauti ilisikika, "mnauliza sisi viongozi wenu ni watu gani..."

Na hapohapo, umeme ukatikisika kidogo, kama kawaida yake, na matumbo ya vile vipaza sauti yakakumbuka kazi yao ya zamani. Mchuuzi wa dawa ya wadudu akajibu kutoka mezani, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"KUNGUNI! MENDE! PANYA! VIROBOTO! WOTE WANAKUFA! NJOO MAMA, NJOO BABA, USILALE NAO KITANDA KIMOJA!"

Kicheko kilichofuata kiliwatoa njiwa kwenye paa. Ulimi hakugeuka. Alikaza mwendo, mfuko unamgonga mgongoni, na mluzi ukamrudia mdomoni.

Usiku huo hakuijaribu spika. Kwake umeme ulikuwa umekatwa, mtaa mzima, na wanaoukata hawana desturi ya kueleza. Kwao unawaka. Alilala ameikumbatia.

Jumamosi Sajini alivaa tai. Televisheni yake nayo ilikuwa ya enzi za Mama Cherehani, haina lile tundu la kurudisha, lakini Ulimi alikwisha kununua waya wa mwanga, kwa pesa yake mwenyewe, hapo mjue mapenzi yalikuwa ya kweli. Aliitua saundibaa mezani kama anatua mtoto mchanga. Binti, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana na tayari amevaa sare ya duka, alisimama kwenye mlango wa jikoni amekunja mikono.

"Tazama, mzee," Ulimi akapaza sauti, akitoa vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha za waya. "Watu wengi husahau kuvitoa hivi, halafu wanalaumu kiwanda!"

Ncha ikawaka nyekundu. Sajini akapiga paja. "Ina moto!"

"Ina moto, mzee!" Ulimi akachomeka. Kwenye spika waya uliingia kwa ulegevu kidogo, kama mguu kwenye kiatu cha kuazima, lakini ukakaa. Akaingia kwenye mipangilio ya televisheni, akazima spika zake za ndani, akachagua sauti itoke kwenye tundu la mwanga, akaifanya ya kawaida ile isiyosumbua spika. Kila kitu sawasawa. Fundi yeyote angempa mkono.

Mtangazaji akafungua mdomo.

Kimya.

"Sisikii," akasema Sajini.

"Inakuja, mzee. Inapasha."

Wakangoja. Sajini akasogeza kiti, akainamisha sikio mpaka likaigusa spika.

"Sisikii!"

Ulimi akaukaza waya. Na kama kawaida ya mtu wa maneno akiona maji yamefika shingoni, akanywa mengine. Si mzee huyu ni kiziwi?

"Inasema, mzee! Tena kwa nguvu! Masikio yako yamezoea kimya, yape muda!"

"Inasema nini?"

Ulimi akatazama midomo ya mtangazaji. "Inasema... bei ya unga imeshuka!"

Sajini akajiinua taratibu. "Hiyo si habari. Marehemu mke wangu amenirudia habari miaka yote, hakuwahi kunirudia kitu kama hicho. Mashine yako ni mbovu!"

Binti akaja mpaka sikioni kwa baba yake. "Baba! Mimi nasikia mpaka mbu akikohoa chumba cha pili. Hapa sisikii kitu!"

"Fungua," Sajini akaamuru.

"Mzee, dhamana ya kiwanda itaha..."

"FUNGUA!"

Ulimi akatoa bisibisi. Ganda likaachia. Ndani mlikuwa na bonge limeviringishwa kwenye fulana. Ulimi akaikunjua: fulana ya kampeni ya Mwenyekiti wa wapangaji, uso wake unatabasamu, chini yake imeandikwa MTUMISHI WENU. Na ndani ya mtumishi, tofali.

Wote watatu walilitazama. Tofali nalo, kwa kweli, liliwatazama.

"Umeniletea tofali," akasema Sajini.

Mtu mwingine angekimbia. Ulimi alipiga goti.

"Baba mkwe, sikutaka kukwambia mapema! Hili ni tofali la kwanza la nyumba nitakayomjengea binti yako!"

"Anasema nini?"

Binti akamrudia sikioni, neno kwa neno. Masharubu ya Sajini yakacheza, ilikuwa karibu acheke.

"Nyumba ya tofali moja," akasema. "Mlango utakaa upande gani?"

Binti alikuwa amechukua ganda, analigeuzageuza. "Hili umelitoa wapi?"

Ulimi akamwambia. Hakuwa na uongo uliobaki mkononi, akalazimika kutumia ukweli, na ukweli ulimtoka kwa shida kama mtu anayeongea lugha ya ugenini. Ukumbi, mapazia, vipaza sauti, yote. Binti alisikiliza, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa mtandio.

"Ganda hili lilikuwa dirishani kwetu! Mwenyekiti alinunua spika nzima, akaomba na ganda, eti la kuchezea mtoto. Nilimbebea mwenyewe mpaka mlangoni kwake." Akacheka tena. "Mwizi kamwibia mwizi tofali!"

"Kwa hiyo ya kweli iko kwake!" Macho ya Ulimi yakawaka. "Basi mambo bado. Naenda sasa hivi, namwambia mkewe mimi ni..."

"Wewe kaa. Uso wako jengo zima wanaujua." Binti akakata kicheko. Akautazama ule waya wa mwanga, akauchomoa, akaukunja vizuri, akautia kwenye mkoba wa Ulimi, akauvaa mkoba begani. "Spika itatoka kwa Mwenyekiti leo hii."

"Huyo ndiye mke!" Ulimi akamwambia Sajini. Sajini hakusikia, lakini alikubali.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ukumbini asubuhi hiyo, maana ilikuwa siku ya uchaguzi, anatetea kiti chake mbele ya wapangaji. Kila alipotaja maendeleo, meza ilitaja kunguni. Nyumbani alikuwa mkewe peke yake, anapiga pasi, alipobisha hodi msichana mwenye sare ya duka na mkoba wa fundi.

"Karibu, binti. Mzee hayupo."

"Asante, shangazi. Sitamsumbua mzee. Natoka dukani, tunakusanya zile spika ndefu. Zimeonekana na kasoro, zinaweza kushika moto zikiwekwa chini ya kitanda."

Mke wa Mwenyekiti akaacha pasi. "Umejuaje iko chini ya kitanda?"

"Zote ziko chini ya kitanda, shangazi. Ndiyo maana tuna haraka."

Ilitolewa kwa kasi ambayo zimamoto wa mji ule hawajawahi kuijua. Mke wa Mwenyekiti alimsaidia kuibeba mpaka chini, akamshukuru kwa machozi, akampa na maji ya kunywa njiani. Mumewe aliporudi na habari kwamba amepita kwa kura chache, maana wapangaji walishindwa kupiga kura kwa kucheka, alipewa habari ya kwamba ameponea chupuchupu kuungua. Alikaa sakafuni, kwa mara ya pili wiki hiyo. Aende kushtaki nini? Kwamba ameibiwa spika ambayo watu wote wanajua iko ukumbini, inaua viroboto?

Kwa Sajini, wanaume wawili walikaa wanangoja. Mchana ukapita. Tofali lilikuwa mezani, televisheni inaonyesha. Ulimi alipiga simu, haikupokelewa. Sajini alilegeza tai. Jua lilipoanza kushuka simu ya Ulimi ikalia: ujumbe wa sauti.

Akaufungua. Nyuma ya maneno ulisikika muziki, safi, mnene, unajaza chumba ambacho Ulimi hakukijua.

"Baba, shikamoo. Ulimi, hujambo. Spika ninayo. Nimepanga chumba, nina kazi, nina televisheni kuukuu ya mwenye nyumba, na nimeiunganisha mwenyewe kwa waya wako wa mwanga. Vifuniko nilikumbuka kuvitoa. Wapangaji wakiitaka spika yao waje, nitawapa, ila waje na Mwenyekiti, awaeleze niliitolea wapi. Baba, dawa yako iko juu ya kabati, na Jumapili nitakuja kukupikia na kukurudia habari, kama mama. Ila kabla sijaja nina swali moja tu, na nataka mnijibu wote wawili."

Akaliuliza. Ujumbe ukaisha, muziki ukakatika.

"Amesema nini?" Sajini akauliza.

Ulimi alifungua mdomo. Ulimi wake, ambao haujawahi kukosa neno mbele ya polisi, mbele ya wadai wala mbele ya tofali, ulikaa kimya kama spika ya maonyesho.

"Rudia! Neno kwa neno, kama mama yake alivyokuwa akinirudia!"

Ndipo Ulimi akasogeza kiti, akamwinamia mzee sikioni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema maneno ya mtu mwingine bila kuongeza lake hata moja:

"Anauliza, siku ile mlipokuwa mnapatana kuhusu spika na mimi niko jikoni naosha vikombe, ni nani kati yenu aliyeniuliza kama nataka kuolewa?"